Mnaojenga, mbele ya geti mnaacha nini? Baraza, mti au ukuta tu?

Mchora Ramani

Wakuu habari za jioni.

Mimi kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba, nipo Dar, na wateja wangu wengi ni watu wa kipato cha kawaida wanaojenga kidogo kidogo, mwaka huu msingi, mwakani boma, bati Mungu akijalia. Kuna kitu kinanikera siku nyingi nataka tukijadili humu maana najua wajenzi mpo.

Mteja akija kwangu anakuwa na orodha yake kichwani tayari. Vyumba vitatu, kimoja masta, jiko la ndani, stoo, sebule, pa kulia chakula, na siku hizi lazima paa la kuficha kwa sababu ameliona kwenye simu. Tutabishana wee kuhusu mlango wa masta ufungukie wapi. Sasa mimi nimuulize swali moja tu, mbele ya nyumba panakuwaje? Ananishangaa. Mbele si ukuta na geti mkuu, we weka ukuta. Kutoka bikoni hadi bikoni, yale mawe ya mpaka wa kiwanja, kozi kumi za tofali, juu waya wa wembe, ndani pavingi, zile tofali za kutandaza chini, ukuta kwa ukuta, imeisha hiyo.

Haya pita sasa kwenye mitaa ambayo watu wameshamaliza kujenga, Goba, Mbweni, Kibada, Kivule, popote. Unatembea katikati ya kuta mbili. Hakuna pa kukaa, hakuna kivuli, bibi akitoka hospitali daladala ikimshusha barabara kubwa hana hata pa kuvutia pumzi hadi afike kwake. Bodaboda wa kijiweni saa nane mchana wanahama na kivuli cha nguzo ya umeme, nguzo jamani! Watoto wanacheza rede katikati ya njia, gari ikija wanajibana ukutani. Na ukitaka kuona vizuri ninachosema subiri msiba. Turubai linafungwa barabarani, njia inazibwa mpaka watu watawanyike, viti vya kukodi vinazama kwenye mchanga, na marehemu mwenyewe alikuwa na kiwanja cha mita 20 kwa 30 ila mpangilio wake wa mbele ni maegesho ya gari mbili, banda la mbwa na tanki la maji, watu hamsini hawakai.

Wazee wa Kariakoo, Ilala, Magomeni na Temeke walikuwa na ramani moja ambayo mimi darasani niliisikia kwa juu juu tu. Nyumba ya Kiswahili. Vyumba vitatu huku, vitatu huku, korido katikati, mlango wa mbele unatazama njia, wa nyuma unatokea uani, na uani ndio kuna jiko, bafu, choo na kamba za nguo. Mwenye nyumba anakaa vyumba viwili, vilivyobaki anapangisha, kodi inamtunza uzeeni. Mbele kuna baraza, na ile baraza ukienda kuipima na tepu ni zege lililoinuka kidogo chini ya upenu wa bati, upana wake mtu anakaa na mwingine anapita. Sasa angalia kazi inayofanya kwa siku. Alfajiri mama wa vitumbua kashawasha jiko. Saa nne fundi cherehani katoa mashine yake. Mchana mzee kalala kajifunika gazeti. Alasiri kina dada wanasukana, jioni bao na drafti, kahawa na kashata. Ramadhani mikeka inatandikwa hapo hapo, kila nyumba inatoa sinia lake, mpita njia akikutwa na adhana anavutwa mkono akae afuturu na watu asiowajua. Yote hayo kwenye zege la mita moja na ushee.

Sisemi turudi kwenye choo cha nje. Nauliza, tunaweza kujenga kisasa, hata na ukuta ukiwepo, bila kuifuta ile mita moja? Karibuni.

Kozi Kumi na Moja

Mkuu umeandika vizuri ila unaonekana hujawahi kuibiwa. Mimi nilihamia kabla sijazungusha ukuta. Wakaanza na nguo kwenye kamba, wakaja na betri ya gari, mwisho wakabeba sufuria la maharage likiwa motoni, jiko wakaniachia. Maharage aisee! Sasa hivi ukuta wangu una kozi kumi na moja na sitoi hata moja. Hiyo baraza ya nje atakaa nani? Vijana wa bangi watahamia, ukiwafukuza wanakujibu mzee hapa ni nje bwana.

Dogo wa Tandika

Sufuria na maharage motoni 😂😂 huyo mwizi alikuwa na wageni

Mama wa Uani

Nimesoma maelezo ya mtoa mada nimecheka, maana wanaume mkikumbuka baraza mnakumbuka kahawa na bao. Mimi nimekulia Gerezani, mtaa ule jirani na Kariakoo, nikwambie baraza ilikuwa ya nani. Baraza ilikuwa ya baba na wenzie. Sisi wasichana tukipita pale ni salamu kichwa chini, shikamoo, shikamoo, shikamoo mpaka umalize mstari mzima, na ukirudi usiku umechelewa basi kabla hujafika mlangoni habari imeshafika kwa mama. Yale macho ya barazani yalikuwa yanatuchunga na sisi, sio wezi peke yao.

Kwetu sisi maisha yalikuwa uani. Uani ndio unajua mpangaji wa chumba cha tatu amegombana na mumewe, uani ndio unaazima chumvi, mtoto wako analishwa na yeyote aliyeivisha kwanza, mwali anafundwa, nazi inakunwa, mchele unapepetwa, ukijifungua wenzio wanakuogeshea mtoto. Msiba ukitokea wanaume mbele wanawake nyuma, masufuria makubwa yanatelekwa uani. Kwa hiyo ukichora nyumba ya kisasa ukarudisha baraza ya mbele tu ukasahau uani, umerudisha nusu, tena nusu yenu.

Na hizi ghorofa ndio zinanipa mawazo. Angalia Magomeni Kota, zile walizokabidhiwa wakazi 2022, kaya 644. Ndani safi, choo chako, maji yako, hakuna foleni ya bafu asubuhi, hilo nalishangilia kabisa, foleni ya bafu haina utamaduni wowote wa kulinda. Lakini ghorofa ya tano unatwangia wapi? Unaanika wapi dagaa? Mtu wa chini yako atakuvumilia kinu siku ngapi? Mimi nikipewa kuchora ghorofa kila ngazi, kila baada ya familia nne hivi, ningeweka kibaraza kipana chenye hewa na bomba na karo, wanawake wakutane hapo na mabeseni yao. Sio varanda ya kusimama mtu mmoja na kikombe cha chai.

Mchora Ramani

@Mama wa Uani hapo umenipiga pigo zuri, hilo la karo na bomba la pamoja kila ngazi naliiba, nitaliweka kwenye mchoro wa kwanza wa ghorofa nitakaopata.

@Kozi Kumi na Moja pole kwa maharage. Ila tuongee kuhusu ukuta wenyewe. Ukuta mzito wa kozi kumi unamzuia mwizi mpaka dakika aliyoruka, akishaingia ndani unamlinda yeye. Hakuna jirani atakayemwona, hakuna mpita njia, anaweza kukaa anakata nondo za dirisha lako mpaka asubuhi. Ndio maana mimi napendekeza chini tofali kozi tatu nne, juu grili ya nondo au tofali za matundu. Kuruka grili yenye ncha ni shughuli, na aliye ndani anaonekana kutoka nje.

La pili hewa. Dar tuna kusi na kaskazi. Kusi inatoka kusini mashariki kuanzia kama Aprili hadi Oktoba, kaskazi inashika miezi ya joto kali, Desemba hadi Machi, inatoka kaskazini mashariki. Nyumba ya chini yenye madirisha ya kimo cha kawaida, ukaizungushia ukuta wa mita mbili na nusu umbali wa mita tatu kutoka dirishani, upepo unapita juu ya kichwa chako unaenda kwa jirani. Afu watu wanalalamika Januari nyumba ni tanuru, wananunua AC, luku inaisha. Unakuta ukuta uliogharimu mamilioni umekuletea na bili ya kila mwezi juu. Waliojenga zamani hawakuwa na AC wakalazimika kufikiri. Nenda Mlimani pale chuo kikuu, majengo ya miaka ya 60, yapo juu ya kilima yanapokea upepo, korido ziko wazi pembeni, watu wanatoka jengo hadi jengo chini ya paa. Na Nkrumah Hall yenyewe, ile iliyokuwepo kwenye noti ya 500. Wanafunzi wanasoma nje ya madarasa kuliko ndani, kwa sababu nje kuna ngazi za kukalia na miti.

Bin Shangani

Assalaam alaykum. Mie wa Unguja, naona mnaizungumza baraza kama maiti, kwetu bado ipo hai wal hamdulillah.

Mji Mkongwe baraza haikutengwa na nyumba, imeshikana na ukuta wenyewe, ni ule ukuta umejitoa chini ukawa kitako. Ukuta wa mawe na chokaa mnene hivyo unashika ubaridi, ukikaa saa saba mchana mgongo unapoa. Na vichochoro vyembamba si ufukara wa ardhi, ni kivuli, nyumba ya huku inaitilia kivuli nyumba ya kule, jua halipati nafasi ila saa sita. Masika ikishuka kichochoro kikajaa maji watu hupita juu ya baraza, baraza hadi baraza mpaka msikitini bila ya kulowa kiatu. Pale Jaws Corner kahawa haikatiki, siasa haikatiki, mpira pia.

Na Forodhani muitazame. Bustani ile ilikuwa imechoka, ikafanyiwa ukarabati na watu wa Aga Khan ikafunguliwa tena 2009. Palikuwa na maneno mengi wakati huo, watu wakiogopa patafanywa pa watalii. Leo nenda baada ya magharibi, mtalii yupo anakula pweza wake, na mama wa Kiswahili yupo na watoto wake juu ya nyasi na urojo, na vijana wanajirusha baharini kutoka ukutani. Kilichosaidia ni kuwa haikuwekwa geti. Bustani ukishaiwekea geti na tiketi imeshakuwa ya watu wengine.

Kuhusu maghorofa, sisi tulianza mapema, yale ya Michenzani ya msaada wa Wajerumani wa Mashariki, yameanza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 60 yakaendelea miaka ya 70, marefu hayo hayana mwisho. Wachoraji hawakuchora baraza hata moja. Watu wakajijengea wenyewe chini, saruji kidogo, benchi, kibanda cha juisi, na maskani zikazaliwa pale pale. Ukimnyima mtu wa pwani baraza ataitengeneza kwa ndoo iliyopinduliwa.

Mzee wa Pavingi

Wakuu mimi nafyatua pavingi, naona mtoa mada anataka kutufungia biashara. Hebu tuambizane ukweli, mchanga wa Dar na watoto, ukipiga deki saa mbili saa nne nyumba imejaa vumbi. Masika tope. Nyoka, mbu kwenye majani. Mtu amejenga kwa jasho anataka pasafi, pavingi inafagiliwa inang'aa. Bustani nani atamwagilia na maji yanatoka mara mbili kwa wiki?

Mchora Ramani

Hujakosea kuhusu vumbi mzee wangu na sikufungii biashara. Ila tupige hesabu kidogo. Mvua ya milimita 50, ambayo masika Dar sio ajabu kwa siku moja, ikinyesha kwenye mita za mraba 200 za pavingi ni lita 10,000. Hilo ni tanki zima lile kubwa. Ongeza bati. Maji hayo hayapiti kwenye pavingi iliyokazwa na saruji kwenye maungio, yanatoka chini ya geti kwa kasi yanaenda barabarani, na jirani yako wa chini naye kafanya hivyo hivyo, na wa chini yake. Mtaa mzima unamwaga kwa wakati mmoja. Afu tunashangaa Jangwani, kule bondeni Msimbazi, imejaa, tunasema mvua za siku hizi. Mafuriko yale ya Desemba 2011 watu walikufa, wengine wakahamishiwa Mabwepande, na tangu siku ile tumeongeza pavingi na kuta juu kabisa ya bonde hilo hilo la Msimbazi.

Suluhisho lipo na pavingi utauza: gari linapopita na mlango hadi geti weka, kwingine kote acha udongo upandwe nyasi za pemba au mwaga kokoto. Maungio jaza mchanga usijaze saruji. Na bati funga gata, maji yake yaingie kwenye tanki lako ndio umwagilie hiyo bustani unayosema haina maji.

Kozi Kumi na Moja

Hapo kwenye gata nakubali. Kwenye ukuta bado.

Mkomani

Hujambo ndugu zangu wa Bongo. Mimi mtu wa Lamu, nakaa Mombasa kikazi. Nasoma hapa nacheka kwa sababu hii shida yenu ya baraza na mwizi na siri ya nyumba kwetu ilishatatuliwa na wazee karne nyingi nyuma, jibu laitwa daka.

Nyumba za kale za Lamu hazina madirisha ya kutazama njia, ukuta mtupu. Yaani kwa mtu wa nje nyumba imefunga kabisa, kuliko hata hiyo ya bwana wa kozi kumi na moja. Lakini pale mlangoni ukuta umeingia ndani kidogo, umefanya kibaraza chenye paa, mlango uko ndani ya hicho kibaraza, na pande mbili kuna viti vya mawe vinatazamana. Hilo ndilo daka. Mgeni akija huketi hapo, mwenye nyumba hutoka wakaongea, kahawa huletwa, na mgeni haoni ndani hata mlango ukiwa wazi kwa sababu baada ya mlango njia yapinda kabla ya kufika uwanja wa ndani. Wanawake wako kiwandani, uwanja wa ndani usio na paa, hewa na mwanga wao wapata huko, hakuna anayewachungulia. Mama wa Uani uani wako ndio huo.

Na jambo jingine la kuchekesha kidogo, vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba, upana hauzidi kama mita 3. Si urembo. Boriti ya mkoko haifiki mbali zaidi ya hapo. Mji mzima umepimwa na urefu wa mti mmoja, na UNESCO wakaja 2001 wakauandika kwenye urithi wa dunia.

Ila msiige kila kitu. Siku hizi watu wapiga plasta ya saruji juu ya kuta za mawe ya matumbawe, ukuta hauwezi kupumua, unyevu wabaki ndani, chumvi yatoka, plasta yabanduka vipande. Chokaa ina sababu yake.

Mchora Ramani

@Mkomani umenipa nilichokuwa natafuta na sikukijua. Maana shida kubwa ya baraza ya nje ya ukuta hapa kwetu ni sheria. Ukijenga nje ya bikoni umeingia hifadhi ya barabara, siku yoyote watu wanakuja na rangi nyekundu wanaweka X na hawana makosa. Lakini daka liko ndani ya kiwanja chako! Chukua wazo hilo ulifanyie kwenye geti.

Yaani hivi. Badala ya ukuta kwenda moja kwa moja bikoni hadi bikoni, pale kwenye geti ukuta uingie ndani mita moja na nusu mpaka mbili. Geti la gari na mlango wa watu viwe huko ndani. Pande mbili za hilo pengo jenga viti vya tofali vinatazamana, juu weka kipaa, zege jembamba au bati la kenchi fupi, taa moja. Usalama wako haujapungua hata inchi, geti limefungwa na ukuta uko pale pale. Ila mtaa umepata kivuli, bibi wa daladala amepata pa kukaa, mgeni akigonga anasubiri kwenye kivuli, gari lako likisubiri kufunguliwa halizibi njia yote. Na taa yako inamulika mbele, Kozi Kumi na Moja utaona mwenyewe vijana wa bangi hawakai kwenye taa.

Kozi Kumi na Moja

Hiyo naweza kuifikiria. Lakini mwenye kiwanja cha mita 15 kwa 20 utamwambia akupe mita mbili?

Mchora Ramani

Simwambii atoe mita mbili kwenye mbele yote. Upana wa geti tu, mita nne hivi. Nne mara mbili ni mita za mraba nane, na hizo ndani ya ukuta zingekuwa za kugeuzia gari ambalo wengi wala hatuna.

Fundi Saidi wa Niru (sio jina langu msinitafute)

Mimi nimejenga vibaraza vya hivi viwili vitatu, ntoe vipimo watu wasidanganywe na mafundi. Kimo cha kukaa ni sentimita 45. Tofali ya inchi 6 ukiisimamisha kimo chake ni inchi 9, kwa hiyo kozi mbili tu unafika, ukiongeza zege la juu umepita kidogo inakaa sawa. Upana wa kukalia 50, kama unataka mzee aweze kulala weka 60 na urefu usipungue mita 1.8. Ndani usijaze tofali, jaza kifusi na mawe shindilia. Kwa viti vyote viwili tofali hazifiki 30. Juu piga niru, ile saruji laini ya kusugua, sio vigae, vigae kwenye jua vinaunguza na mvua vinateleza na watoto wanavibandua. Niru ukiisugua vizuri inapoa na mtu anachora bao la drafti juu yake kwa msumari ikiwa bado mbichi, mteja mmoja nilimchorea akafurahi kuliko nyumba yote. Usisahau kuipa mwinuko kidogo maji yatoke mbele yasisimame.

Na ukingo wa mbele uviringishe usiuache mkali. Watoto watapasua vipaji vya uso.

Dogo wa Tandika

Wakuu mmesahau duka la Mangi. Mtaani kwetu baraza ni benchi la Mangi na friji la soda, tivii iko dukani, Simba na Yanga mtaa mzima uko pale. Sio kila mtu ana mita nane za kutoa, mwenye fremu ndio anatulea.

Mama wa Uani

Kweli dogo, na kwa Mangi wanawake tunakaa pia, tunasubiri chenji saa nzima 😄

Mjumbe Mstaafu

Niongeze la maeneo ya wazi maana hizo baraza za mtu mmoja mmoja hazitoshi kwa mpira wa watoto. Mimi naishi kwenye mojawapo ya maeneo ya ule mradi wa viwanja 20,000 wa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Viwanja vilipimwa vizuri kwa kweli, barabara zimenyooka, na kwenye mchoro wa mipango miji kuna mahali pamepakwa kijani, eneo la wazi. Nenda leo. Kijani kimojawapo ni yadi ya tofali na kokoto, kingine kina fremu za maduka kumi na mbili na mwenyewe ana karatasi, karatasi kaipata wapi usiniulize. Watoto walikuwa wanacheza kwenye viwanja ambavyo havijajengwa, kila pagala likipauliwa wanahama, sasa hivi wamefika barabarani.

Nilichojifunza mimi, eneo la wazi likikaa tupu linaliwa. Likiwa na kitu hata kidogo haliliwi kirahisi. Magoli mawili ya mabomba, miti kumi, benchi za zege, mti mkubwa wa mikutano ya mtaa, basi anayetaka kuliiba anakuta lina wenyewe. Hata Mnazi Mmoja ilianza kwa nia mbaya, mkoloni aliuacha uwazi ule kututenga, Mzungu na Mhindi huku, Mwafrika Kariakoo kule. Lakini watu wakaushika, leo huwezi mtu ukaja ukajenga ghorofa pale ukabaki salama, kila mmoja amewahi kukaa chini ya miti yake akisubiri jua lipungue.

Nzuguni

Dodoma huku mkisema panda miti mjue masika yetu ni moja tu, Desemba mpaka Aprili hivi, baada ya hapo ni ndoo. Tunapanda mwarobaini kwa sababu unavumilia. Mvua ya kwanza ikinyesha ndio tunachimba mashimo, ukipanda Juni unazika.

Mama wa Uani

Na Dar mti gani basi mbele ya hilo daka? Nataka kivuli sio mapambo. Jirani kapanda miashoki kuzunguka ukuta, mirefu imesimama, kivuli chake hakimtoshi kuku.

Mchora Ramani

Miashoki ni ya kupendezesha picha. Kwa kivuli mkungu ndio mfalme, matawi yanatanuka ngazi ngazi, unakua haraka, watoto wanakula kungu, ubaya wake unapukutisha majani makubwa ufagie. Mwembe mzuri ila utarushiwa mawe msimu wa maembe mpaka vioo viishe. Mwarobaini kivuli kizuri na dawa juu, ila mizizi yake inafuata maji, usiupande karibu na septiki wala bomba. Mkrismasi ule wa maua mekundu mizizi inatambaa juu juu, pavingi ya mzee wetu itainuka yote. Na wowote utakaopanda acha duara la udongo angalau mita moja na nusu kuzunguka shina, msiukabe na saruji kama mnavyofanya.

Mzee wa Pavingi

Nimekuelewa. Natengeneza na zile tofali za kuzungushia mti, nusu duara, ukihitaji nitafute.

Kona Bariadi

Mkuu Mchora naomba mchoro wa hilo geti la daka. Kiwanja changu kipo kona, barabara mbili, nyumba ipo kwenye lenta, usawa wa juu ya madirisha, sasa hivi, ukuta bado. Niweke geti upande gani?

Mchora Ramani

Ukiwa kona una bahati. Geti weka kwenye njia ndogo, mbali na kona yenyewe, madereva wasikubamize ukitoka. Na ile kona ya ukuta usiijenge kwa pembe kali, ikate kwa mshazari, ingia kama mita mbili kila upande. Dereva anaona anayekuja, na nje ya ukuta wako panabaki pembetatu ya ardhi yako mwenyewe, hapo ndipo panapokaa mkungu na kiti cha zege. Piga picha ukiwa barabarani unitumie inbox pamoja na vipimo kutoka bikoni hadi bikoni, nitakuchorea. Ila bikoni ya kona itabaki nje ya ukuta, usiing'oe na usikubali fundi aifukie, imwagie zege kuizunguka ionekane.